Shajara ya mradi: kumvua besi wa milia kwa chambo cha juu ya maji, mdomo wa Mto Merrimack, Septemba na Oktoba 2024

28 Agosti 2024: Lengo, sheria na vifaa

Lengo la mradi huu ni kumvua besi wa milia, ambaye wanasayansi humwita Morone saxatilis, nikiwa nimesimama nchi kavu na kutumia chambo bandia kinachoelea juu ya maji peke yake, katika wiki za mwanzo za majira ya vuli. Mahali ni mdomo wa Mto Merrimack, kaskazini mwa Massachusetts, pale mto unapoingia Atlantiki kati ya Plum Island upande wa kusini na Salisbury upande wa kaskazini. Nimepachagua kwa sababu huu ndio mto unaopita Lowell na Lawrence, miji yenye Wakenya wengi na wasemaji wengine wa Kiswahili, na wengi ninaowafahamu wameishi kando yake miaka mingi bila kujua kwamba samaki huyu mkubwa wa baharini huupanda hadi chini ya bwawa la Lawrence. Naiandika shajara hii ili yeyote kati yao aweze kuzifuata hatua hizi, au kuzirekebisha, bila kuanza gizani.

Besi wa milia hutaga mayai majira ya machipuko katika mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake, na pia katika Mto Delaware na Mto Hudson, kisha hufuata pwani kwenda kaskazini mpaka Maine kujilisha wakati wa joto. Septemba inapoingia, siku hufupika, maji huanza kupoa, na makinda ya heringi na menhadeni, samaki wa jamii ya sadini, hutoka mitoni kwa makundi makubwa. Besi huwangojea njiani na kula kwa pupa kabla ya safari ya kurudi kusini, na kwa kuwa makundi hayo huogelea karibu na uso wa maji, chambo kinachoelea hupata nafasi ambayo hakikuwa nayo Julai.

Sheria ya mwaka huu inamruhusu mvuvi wa burudani katika pwani hii kuchukua besi mmoja kwa siku, mwenye urefu usiopungua inchi 28 na usiofika inchi 31, yaani kama sentimita 71 hadi 79, akipimwa kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia uliobanwa. Ndoana ya duara inayolazimishwa kwa chambo cha asili haiwahusu wanaotumia chambo bandia. Mimi nimeamua kuwarudisha majini samaki wote. Tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kwamba samaki hawa wamevuliwa kupita kiasi, tume ya majimbo ya pwani imejiwekea mwaka 2029 kuwa ukomo wa kuwarejesha, na tangu 2019 makinda yanayohesabiwa upande wa Maryland wa Chesapeake yamekuwa machache mno. Samaki anayehitaji miaka kadhaa ndipo jike lianze kutaga anastahili kupewa nafasi.

Gharama za kuanzia ni hizi. Kibali cha uvuvi wa baharini cha jimbo ni dola 10. Fimbo ya futi tisa, inayoweza kurusha uzito wa robo tatu ya aunsi hadi aunsi tatu, dola 120. Rili ya ukubwa wa 5000, dola 95. Mshipi wa kusuka wa nguvu ya pauni 30, dola 25. Kipande cha nailoni cha mbele, dola 8. Vyambo vitano, dola 65: viwili aina ya Heddon Super Spook vya inchi tano, viwili aina ya Cotton Cordell Pencil Popper vya inchi sita, ambavyo naviita popa nyembamba, na popa moja yenye mdomo mpana wa kurusha maji. Misumari ya kufunga chini ya viatu kwa ajili ya mawe yenye utelezi, dola 45. Koleo, dola 15. Taa ya kichwa, dola 20. Jumla ni dola 403. Petroli na maegesho siviingizi hapa, kwa kuwa hutegemea mtu anakotoka.

3 Septemba 2024: Bamvua ya mwezi mwandamo

Mwezi uliandama jana usiku, kwa hiyo maji ni ya bamvua, yaani yanajaa na kupwa kuliko kawaida, na hoja yangu ya kwanza ilikuwa kwamba mkondo mkali zaidi ndio utakaoleta samaki wengi zaidi. Joto la maji ni nyuzi 18 za Selsiasi. Nilifika Plum Island kabla ya alfajiri na kuanza kurusha popa nyembamba kutoka mchangani, kando ya ukuta wa mawe.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yamepwa kabisa na yamesimama. Visamaki vyembamba vyenye ubavu wa fedha vilikuwapo ukingoni, lakini havikuwa vikisukumwa popote, na hakuna kilichovishambulia. Maji yalipoanza kujaa, samaki wadogo wawili walikifuata chambo wakakiacha. Mkondo wa kupwa, ule unaobeba chakula kutoka mtoni na vinamasini, ulianza baada ya adhuhuri, jua likiwa utosini, na nikarusha mpaka mkono ukachoka bila kuguswa.

Tatizo ni la saa, si la chambo. Katika sehemu hii ya pwani, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hufika kilele karibu na saa sita, mchana na usiku, na hupwa karibu na saa kumi na mbili. Aliyekulia pwani yetu anajua kwamba Mombasa na Unguja bamvua hujaa karibu na saa kumi, na kwa hiyo kalenda aliyorithi kwa wazee wake, hata iwe sahihi namna gani, haimfai hapa mpaka aisogeze. Kila bandari ina saa yake. Kwa Merrimack, maana yake ni kwamba siku yenyewe ya bamvua, alfajiri huangukia maji yaliyokwisha kupwa, na kupwa kwenyewe huangukia mwanga mkali ambao besi wakubwa hawaupendi karibu na uso wa maji.

Nimechora jedwali la mwezi mzima lenye safu tatu: saa ya kujaa, saa ya jua kuchomoza na saa ya jua kutua. Ninachotafuta ni siku ambazo maji yanapwa wakati mwanga ni hafifu. Kwa alfajiri, siku za karibu zaidi zinaangukia robo ya kwanza ya mwezi, tarehe 11 na 12, yaani wakati wa maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, ambao mwanzoni niliufuta kabisa kwenye mpango.

7 Septemba 2024: Mshipi, fundo na mwendo wa chambo

Leo sikwenda baharini. Nilikuwa kando ya ziwa dogo lenye maji matulivu, nikijaribu mwendo wa vyambo mahali ambapo ninaweza kuviona vizuri, na jambo moja lilinipotezea nusu ya asubuhi. Super Spook inatakiwa kuyumba kichwa kushoto na kulia kwa zamu, huku ikiteleza juu ya maji kila fimbo inapotikiswa. Yangu ilikuwa ikiinamisha pua na kuzama kidogo kila ninapoiacha ipumzike, kisha ikaja moja kwa moja bila kuyumba.

Sababu ni kipande cha mbele. Nilikuwa nimefunga florokaboni nene ya urefu wa mita moja na nusu, kwa kufuata ushauri kwamba haionekani majini. Florokaboni ni nzito kuliko maji na huzama, kwa hiyo huvuta pua ya chambo chini. Nailoni ya kawaida huzama polepole mno kiasi cha kutodhuru. Nilibadilisha, nikaweka nailoni ya pauni 40 yenye urefu wa sentimita 70 hivi, na chambo kikaanza kuyumba mara moja. Kuonekana kwa mshipi si hoja kubwa hapa, kwa sababu samaki anayeshambulia kitu kinachoruka juu ya maji gizani hakagui kamba.

Jambo la pili ni mafundo ya ovyo katika mshipi wa kusuka. Chambo cha kuyumba huhitaji mshipi uliolegea kidogo baada ya kila mtikiso, na ulegevu huo ukiingia kwenye rili huwa kitanzi kinachotoka kama kibumba kwenye urushaji unaofuata. Dawa ni kufunga waya wa rili kwa mkono baada ya kurusha, badala ya kuzungusha mkono wa rili ili ujifunge, kisha kuuvuta mshipi kwa vidole mpaka ukaze kabla ya mtikiso wa kwanza. Tangu nifanye hivyo tatizo limepungua sana.

Mwendo wenyewe hujifunza haraka: ncha ya fimbo ielekezwe chini, kifundo cha mkono kitikisike kidogo na kwa mapigo yaliyo sawa, na mkono wa rili ukusanye ulegevu tu, usivute chambo. Popa nyembamba ni tofauti. Hutaka fimbo ishikwe juu, kitako chake kikiwa kati ya mapaja au chini ya kwapa, na ncha itetemeke mfululizo ili mkia mzito uzame na kichwa kipigepige maji.

12 Septemba 2024: Maji mafu, na samaki wa kwanza

Maji yalifika kilele kabla kidogo ya mapambazuko. Mkondo wa mdomo wa mto haugeuki papo hapo maji yanapofika kilele. Mto huendelea kusukumwa ndani kwa muda, kisha husita, kisha huanza kutoka. Muda huo wa kusita uliangukia giza, na mkondo ulipoanza kutoka, mashariki palikuwa pameanza kung'aa. Nilisimama upande wa ndani wa hifadhi ya Salisbury Beach, mahali ambapo maji yanayotoka hupita juu ya mawe na kuacha mpaka unaoonekana kwa macho kati ya maji yanayokwenda kasi na maji yaliyotulia.

Kabla jua halijachomoza besi walianza kupiga. Mkondo wa maji mafu ni mpole kuliko wa bamvua, lakini ulitosha kabisa kusukuma makinda ya heringi juu ya mawe yale, na buabua waliokuwa wakipiga mbizi walinionyesha mahali hasa. Nilirusha juu ya mkondo na kuuacha uilete Super Spook mpaka kwenye mpaka ule, nikiitikisa polepole.

Hapa ndipo lilipotokea tatizo ambalo kila atakayejaribu njia hii atakutana nalo. Besi huja kwa kishindo, maji huruka, na mkono huvuta fimbo bila kuamriwa. Mara nyingi samaki anakuwa hajakishika chambo bado. Amekipiga kwa mkia au kwa kichwa ili kukizubaisha, au amekikosa. Ukivuta wakati huo unakiondoa mbele ya mdomo wake, na kama chambo kina ndoana za makucha matatu kinaweza kukurukia usoni. Nilikosa mashambulizi kadhaa mfululizo kwa njia hiyo.

Kulikuwa na mtu wa Kilifi akivua hatua chache kutoka kwangu, ambaye alianza kuwavua kolekole kwa popa nyumbani kabla ya kuhamia Lowell. Aliniangalia kwa muda kisha akaniambia, "Ndugu yangu, macho yako yanamtangulia samaki. Funga macho, sikiliza mkono." Nilifuata kwa maana yake halisi: niligeuza uso kidogo pembeni, nikaendelea kutikisa chambo kwa mwendo uleule hata maji yaliporuka, na sikukaza fimbo mpaka nilipohisi uzito ukiondoka nao. Shambulizi lililofuata lilikuwa la samaki aliyerudi mara tatu kabla ya kukishika chambo vizuri. Alikuwa na inchi 26. Baada yake walikuja wengine wa ukubwa wa karibu na huo, mpaka jua lilipopanda juu ya vilima vya mchanga na shughuli ikakatika ghafla, ingawa maji yaliendelea kupwa kwa saa nyingi.

Nimeuandika kwa wino mstari huo wa jedwali: maji mafu, kupwa kunakoanza alfajiri.

15 Septemba 2024: Kubadilisha ndoana

Samaki wa tarehe 12 walinipa kazi ya mezani. Ndoana za makucha matatu humshika besi mahali pengi kwa pamoja. Mmoja alikuwa na makucha katika taya na mengine karibu na jicho, na kumfungua kulichukua muda ambao samaki huyo hakuwa nao. Wasimamizi wa uvuvi hukadiria kwamba besi 9 kati ya kila 100 wanaorudishwa majini hufa baadaye. Idadi hiyo si ndogo pale wavuvi wanapokuwa wengi, na sehemu yake iko mikononi mwa mvuvi mwenyewe. Zaidi ya hayo, ndoana moja ya chambo cha bei nafuu nilichokuwa nimekiongeza kisandukuni ilinyooka kwa samaki wa kawaida tu.

Niliondoa ndoana zote za makucha matatu na kuweka ndoana moja moja zenye shingo iliyonyooka, kubwa vya kutosha kulizunguka tumbo la chambo kwa nafasi, na nikaviponda kwa koleo vile vijino vinavyozuia ndoana isichomoke. Ndoana na pete mpya za chuma zimegharimu dola 18.

Mara moja Super Spook ikaharibika mwendo. Ndoana tatu za asili zina uzito, na uzito huo ndio unaoweka mkia chini na pua juu. Nilipozipunguza, chambo kililala bapa na kuteleza bila kuyumba. Nilikijaribu katika beseni, nikiongeza uzito kidogo kidogo. Mpango uliofaa ni huu: ndoana moja mbele ikitazama mbele, hakuna ya katikati, na ndoana moja nzito ya nambari kubwa zaidi mkiani ikiwa na pete mbili badala ya moja. Mkia ukashuka, mwendo ukarudi, ingawa ni mwembamba kidogo kuliko wa awali. Popa nyembamba haikuhitaji lolote, kwa sababu risasi yake imo ndani ya mkia; niliiachia ndoana ya mkiani peke yake.

Besi hana meno makali, kwa hiyo hushikwa kwa kidole gumba kwenye taya ya chini huku mkono wa pili ukiubeba uzito wa tumbo. Asivutwe mchangani. Nimejizoeza kumfungua akiwa bado majini, na kwa ndoana moja isiyo na kijino mara nyingi huhitaji msokoto mmoja tu wa koleo.

20 Septemba 2024: Nyasi na upepo wa kaskazini-mashariki

Mwezi ulikuwa mpevu usiku wa tarehe 17, na jedwali lilisema kwamba siku mbili tatu baada yake maji yangejaa baada ya saa sita mchana na kupwa kuelekea machweo, yaani mwanga hafifu kwa upande wa jioni. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini mambo mawili ambayo hayakuwamo katika jedwali yaliiharibu.

La kwanza ni nyasi. Nyuma ya Plum Island kuna vinamasi vya maji ya chumvi vinavyotajwa kuwa vikubwa kuliko vyote New England. Bamvua kubwa hupanda juu ya vinamasi hivyo, huyanyanyua majani makavu yaliyorundikana, na maji yanapopwa hutoka nayo yote. Mkondo wa jioni ulikuwa umefunikwa na zulia la mabua. Kila urushaji ulirudi na fungu la nyasi kwenye ndoana ya mbele, na chambo cha juu ya maji kikishika hata jani moja huacha kufanya kazi.

La pili ni upepo. Ulivuma kutoka kaskazini-mashariki kwa siku kadhaa, mawimbi yakawa yanapanda juu ya ukuta wa mawe, na mkondo unaotoka ulipokutana na mawimbi yanayoingia, mdomo wa mto ukawa mahali pasipofaa mtu. Hapa nasema bila kupunguza: mdomo wa Merrimack umeua watu wenye mashua na wenye uzoefu, na hali ya namna hiyo si ya kusimama juu ya mawe hata ukiwa na misumari viatuni. Nilipoteza popa nyembamba moja kwa kuirusha dhidi ya upepo na mshipi kukatika. Kuibadilisha ni dola 14.

Nilichofanya siku iliyofuata ni kurudi ndani ya mto, kuelekea upande wa Joppa Flats huko Newburyport, ambako nyuma ya kisiwa mawimbi hayafiki. Nyasi bado zilikuwapo, ila zilikuwa zimekusanywa na upepo upande mmoja, na upande mwingine ulikuwa safi. Niliondoa ndoana ya mbele kabisa, nikaacha ya mkiani, na chambo kikaanza kupita kati ya mabua bila kunasa. Samaki walikuwa wadogo, wa inchi 18 hadi 22, lakini walikuwapo. Kwa atakayefuata, nashauri jioni za baada ya bamvua zipangwe pamoja na mahali pa akiba palipojikinga, na uamuzi ufanywe kabla ya kutoka nyumbani.

26 Septemba 2024: Menhadeni wadogo na besi wenye kuchagua

Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 24, maji mafu yakarudi, na alfajiri mbili mfululizo zikawa na kupwa niliyokuwa nikiisubiri. Upepo ulikuwa umetulia, maji yamefika nyuzi 16. Makinda ya menhadeni yalikuwa yamefika mdomoni kwa wingi ambao sijapata kuuona: maji yalikuwa yakitetemeka kwa upana wa barabara, mnandi wakizama na kuibuka katikati yao, na besi wakiwapasua kutoka chini.

Katika wingi huo chambo changu hakikuguswa. Ni hali inayokatisha tamaa, kuona samaki mia wakila mbele ya miguu yako na kupuuzwa. Nilijaribu kuongeza kasi, kisha kuongeza kishindo kwa popa yenye mdomo mpana, na vyote viwili vilizidi kuwafukuza. Samaki anayekula visamaki vya inchi tatu kwa mamia, kila kimoja kikiwa na umbo lilelile, hana sababu ya kugeukia kitu cha inchi tano.

Marekebisho yalikuwa matatu, na nadhani la mwisho lilikuwa muhimu kuliko mengine. Nilishuka hadi chambo chembamba na kifupi zaidi. Viwili vilinigharimu dola 22. Niliacha kurusha katikati ya kundi na kuanza kurusha ukingoni mwake, upande wa chini wa mkondo, ambako visamaki vilivyojeruhiwa hutengana na wenzao. Halafu nilipunguza mwendo mpaka karibu na kusimama: mitikiso miwili, kisha kukiacha chambo kielee na mkondo kwa pumzi nzima, kisha mtikiso mmoja. Mashambulizi yote yaliyofuata yalikuja chambo kikiwa kimesimama. Mmoja alipimwa inchi 29, ndani kabisa ya kipimo cha kisheria, akarudi majini kwa nguvu.

Wazee wetu husema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, na asubuhi ile nilielewa upande wake wa pili, kwamba samaki aliye katikati ya shibe hukasirishwa na kidogo sana.

5 Oktoba 2024: Kupwa kwa machweo

Mwezi uliandama tarehe 2. Safari hii siku tatu baada yake zilikuwa tulivu, maji ya nyuzi 15, yakijaa kama saa saba mchana na kupwa mpaka baada ya machweo, ambayo sasa ni saa kumi na mbili na robo hivi. Nyasi zilikuwa chache kwa sababu bamvua ya Septemba ilikwisha kuzisomba nyingi.

Nilianza kurusha nusu saa kabla ya jua kutua, kutoka mchanga wa Plum Island karibu na ukuta wa mawe, kwa popa nyembamba iliyoweza kufika mbali pale mkondo unapogeuka. Walianza blufishi, ambao wana meno ya kukata nailoni kama mkasi; walichukua kipande cha mbele mara moja pamoja na kibanio, lakini chambo kilielea na mkondo ukakileta ufukweni. Sikuweka waya wa chuma, kwa sababu uzito wake huzamisha pua kama florokaboni ilivyofanya. Badala yake niliongeza unene wa nailoni hadi pauni 60 kwa kipande kifupi, ikatosha.

Giza lilipoanza kushika, blufishi waliondoka na besi wakaingia. Nilirudi kwenye Super Spook kubwa, ya rangi nyeusi, kwa kuwa samaki anayetazama kutoka chini wakati huo huona umbo dhidi ya anga na weusi huonekana wazi kuliko weupe. Niliitikisa polepole na kwa mapigo yasiyobadilika, ili samaki aweze kukisia chambo kitakuwa wapi. Samaki mkubwa kuliko wote wa mradi alikuja hivyo, bila kishindo kikubwa, kwa mnyonyo tu. Breki ya rili ilitoa mshipi mwingi kabla hajageuka. Alikuwa na inchi 36, amepita kipimo kinachoruhusiwa, kwa hiyo hata mwenye nia ya kumla angelazimika kumrudisha. Nilimshikilia kichwa kikitazama mkondo mpaka mkia ulipoanza kusukuma mkono wangu.

11 Oktoba 2024: Hesabu na kalenda ya Septemba ijayo

Robo ya kwanza ilikuwa jana. Kupwa kwa alfajiri kulikuja kama jedwali lilivyosema, maji yakiwa nyuzi 13, lakini menhadeni wamekwisha kupita na waliobaki ni besi wachache wadogo. Chambo cha juu kilipata wawili tu. Nasimamisha sehemu ya juu ya maji ya mradi hapa. Wanaoendelea sasa watafanya vizuri zaidi na vyambo vinavyozama.

Gharama zote zimefika dola 457. Kama ningeanza upya na fedha kidogo, ningenunua vyambo viwili badala ya vitano, kimoja cha kuyumba na popa nyembamba moja, nikaziweka dola zilizobaki kwenye misumari ya viatu na ndoana nzuri. Vyambo vyote vioshwe kwa maji baridi kila vinaporudi. Pete mbili za chuma nilizozembea kuzikausha zimeliwa na kutu ndani ya wiki nne.

Kwa Septemba ya 2025, robo za mwezi zinaangukia tarehe 14 na 29, kwa hiyo alfajiri za kupwa zitakuwa takriban tarehe 14 hadi 16, na 29 Septemba hadi 1 Oktoba. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 7 na kuandama tarehe 21, kwa hiyo jioni za kupwa zitakuwa takriban tarehe 9 hadi 11, na 23 hadi 25. Saa kamili zichukuliwe kwenye jedwali rasmi la maji la mdomo wa Merrimack, na vipimo vya kisheria visomwe upya kabla ya kununua kibali, kwa kuwa hubadilishwa.